Gari la Baba Lililokataa Kusimama Langoni

Sisi wa enzi za uji wa kikombe cha bati hatukuuliza gari lina nguvu kiasi gani. Tuliuliza kama litawaka. Wenzangu mliokulia huku Kibirichia, mliokwenda shule miguu mitupu asubuhi barafu ikiwa bado imelala kwenye nyasi, mnajua ninachosema. Gari likiwaka, watoto wote waliacha michezo ya kati na bano wakalifukuza mpaka pumzi ziishe. Likikataa, watu wazima walikuja kutoa maoni, na maoni ya watu wetu hayajawahi kupungua hata mwaka wa njaa.

Baba yangu alitoka nyumbani siku moja kwenda Timau kununua pikapu ya kubebea viazi. Mama alikuwa amemrudia hilo neno mpaka likachakaa: pikapu. Mzee akarudi na gari la mashindano. Alilitoa kwa mzungu mmoja mkulima wa ngano aliyekuwa amechoka nalo, na sasa nikiwa mtu mzima naelewa kabisa kwa nini alichoka. Lilikuwa na namba kubwa mlangoni, taa nyingi puani, viti viwili tu mbele, na nyuma mahali pa kiti palikuwa na vyuma vilivyozungushwa kama kizimba cha kuku. Baba akaeleza kwamba vyuma hivyo vinakulinda gari likipinduka. Mama akamuuliza ni mwanamume wa aina gani ananunua gari ambalo limeshapangiwa kupinduka.

Basi likawa gari la viazi, apende asipende. Magunia yalipangwa ndani ya vile vyuma, na sisi watoto juu ya magunia, tumeshikilia bomba kwa mikono miwili. Lilikuwa linanguruma hata likiteremka. Jumapili likipita karibu na kanisa mhubiri alikuwa ananyamaza, anangoja, halafu anaendelea kutoka pale alipoachia, na sisi tulidhani hiyo ni sehemu ya ibada. Nguo zetu zilinuka petroli, mukimo wa viazi na mahindi tuliofungiwa na Mama ulinuka petroli, na hakuna mtoto aliyelalamika. Leo mtoto anakataa kupanda gari ati halina mahali pa kuchaji simu. Sisi gari letu halikuwa na mahali pa kukalia.

Sasa niwaambie habari ya Mama. Mama ni wa Embu, kwao ni Runyenjes, mahali pa kahawa, ndizi na watu wanaojua kuvaa. Alipoolewa huku kwenye baridi, dada zake walicheka. Walisema ameolewa na gunia la viazi. Mara ya kwanza alipoenda kuwasalimu alishuka basi barabarani, akatembea kwenye tope na gunia la viazi mgongoni, akaingia nyumbani kwao matope yakiwa yamefika magotini. Hakuna aliyetoka langoni kumpokea. Walimwona, wakamwangalia, halafu mmoja akauliza kama huko Meru punda wameisha. Mama aliyacheka maneno hayo mbele yao, na akayalia miaka mingi nyumbani kwetu, hasa akimenya viazi.

Kwa hiyo ndugu yake kitinda mimba, mjomba Njeru, alipotuma habari kwamba anaoa, Mama hakuomba nguo wala viatu. Alimwambia Baba neno moja tu mbele yetu. "Safari hii nitaingia lango la kwetu nikiwa nimeketi." Baba akajibu kwamba ameapa. Wamama mnaonielewa, mnajua mume wa Kimeru akiapa mbele ya watoto, hata akijua amekosea harudi nyuma.

Na gari, ambalo lilikuwa na masikio kama shetani, likaanza kukohoa wiki hiyohiyo. Kwenye tambarare lilikuwa sawa. Likipanda mlima kutoka Meru mjini, linakohoa, linalegea, linazima. Baba akamwita Fundi Baariu, mtu aliyekuwa ametengeneza mashine ya posho, redio za wazee na meno ya bandia ya shemeji yake, na kila alichotengeneza alikisifu mwenyewe. Baariu akafunua boneti, akanusa, akasema gari lina njaa. Petroli haifiki. Hapo alisema kweli, na ingekuwa heri angenyamaza baada ya hapo.

Wakaanza na filta. Baba alinunua mpya mjini, ikafungwa, gari likaenda vizuri mpaka sokoni, likarudi likisukumwa. Filta ilikuwa imejaa kutu. Kumbe tangi lenyewe ndilo lililooza kwa ndani. Likateremshwa, likawekwa uani, na sasa kijiji kizima kikaja. Mmoja anasema lisuguliwe kwa mchanga, mwingine kwa majivu, mwalimu wa shule ya msingi anasema kwa siki, ambayo hakuna aliyekuwa nayo. Nyanya yangu, mama yake Baba, akawaambia wote ni wajinga, tangi ni kibuyu tu. Wakaweka kokoto na maji ndani, na sisi watoto tukapewa kazi ya kulitikisa, wawili huku, wawili kule, tukiimba. Tulilitikisa mpaka mabega yakafa ganzi. Maji yalitoka mekundu, kisha ya rangi ya chai, kisha safi. Nyanya akafurahi sana. Halafu akaingia jikoni, akarudi na kijinga cha moto, kwa sababu kibuyu kikishaoshwa lazima kifukizwe ndani ndipo maziwa yasiharibike. Sijawahi kuona wanaume wa Kibirichia wakikimbia hivyo, na Baariu ndiye aliyekuwa mbele.

Baada ya tangi ikaja mipira. Ile ya zamani ilikuwa imepasuka, na Baariu akasema mpira ni mpira, akakata ule wa bomba la kunyunyizia viazi dawa. Petroli ikautafuna kwa siku moja, ukalainika kama utumbo. Baba akapanda tena basi kwenda mjini, akanunua mpira halali. Mama alikuwa anaangalia haya yote akiwa amesimama mlangoni na mikono kiunoni, nguo ya harusi imeshapigwa pasi na kutundikwa. Baba alikuwa anaogopa kimya chake kuliko makelele.

Pampu ndiyo iliyotumaliza. Ya gari ilikuwa imechoka, inasukuma kidogo kidogo. Mpya ya aina ile haikupatikana mjini, wala Nanyuki. Lakini nyuma ya soko kulikuwa na lori la zamani la injini ya petroli lililokufa, kuku wakitaga ndani yake, na pampu yake ilikuwa nzima. Kubwa ajabu. Baariu alisita kidogo, akasema pengine italilisha gari kupita kiasi. Baba akamwangalia kwa huruma. Akamuuliza kama amewahi kuona ng'ombe aliyekufa kwa kushiba. Wanaume wote waliokuwepo, wakulima wenye mifugo, ambao kila mmoja alikuwa ameona ng'ombe akivimba tumbo na kufa kwa kula nyasi mbichi, wakakubali kwa kichwa kwamba hawajaona.

Ilipofungwa, gari liliwaka kwa mshindo, mbwa wakapotea mpaka jioni. Na mbio nayo, usiulize. Asubuhi ya harusi tulitoka Kibirichia Mama akiwa mbele na kitambaa kichwani, sisi nyuma juu ya viazi vya zawadi, na tulifika Meru mjini kabla mate hayajakauka mdomoni. Hapo ng'ombe wakavuka barabara. Baba akapunguza mwendo, na gari likaanza kutapika. Petroli ilikuwa inakuja nyingi kuliko injini inavyoweza kumeza, inafurika kwenye kabureta, inamwagika. Likiwa mbioni lilimeza yote. Likienda pole, lilisongwa. Likazima, tukangoja likauke kwa muda mrefu, na Mama akawa anaangalia jua tu.

Liliposhika tena, Baba alikuwa ameelewa dawa yake. Asipunguze. Nkubu tuliiona kwa upande, Chuka tuliisikia. Kwenye kona za Nithi, kabla ya Chuka, Mama alisali Kiembu, akasali Kimeru, akamalizia kwa Kiswahili ili pasiwe na udhuru. Lakini nikimwangalia kwenye kioo niliona anatabasamu. Alikuwa anaenda kwao ameketi.

Lakini Baba alisahau jambo moja, na sisi sote tulilisahau. Huwezi kuingia tu nyumbani kwa watu kwenye sherehe. Lazima usimame langoni. Wanawake wa nyumba wanaziba lango, wanaimba, wanauliza nyinyi ni akina nani na mmebeba nini, mnajibu kwa wimbo, wanakataa, mnabembeleza, na muda unakwenda. Ndiyo heshima. Tulipokata kona tukawaona, dada zake Mama wakiwa mstari wa mbele na leso mpya, wamejipanga lango zima, wameanza kuimba. Kwa Mama. Mkono wake ulishika mkono wa Baba, na nadhani alitaka kumwambia asimame, lakini Baba alikuwa ameshapita.

Tukageukia kwenye uwanja wa shule, tukarudi. Wale wanawake wakafikiri ni sehemu ya kubembeleza, wakapandisha sauti. Tukapita tena. Baba akatoa kichwa dirishani akawaambia tunakuja. Mara ya tatu wimbo ulikuwa umepungua, na nikasikia mtu akisema yule Mmeru amekasirika, pengine ni vile lango halijafunguliwa. Mama alikuwa analia. Hakulia kwa sauti, machozi tu yalikuwa yanateremka kwenye poda. Tulipogeuka shuleni tena akasema, "Baba Kendi, zima. Nitashuka na miguu yangu. Nimezoea."

Kendi ni mimi. Sijawahi kuona uso wa baba yangu ukiwa vile. Alizima, na gari likajikokota lenyewe kwa mteremko mpaka hatua chache kabla ya lango, likasimama katikati ya njia, harufu ya petroli ikasambaa mpaka kwa wapishi. Nyuma yetu gari la bibi harusi likafika, likakosa pa kupita. Mama akaweka mkono kwenye kitasa.

Ndipo wanawake wakafungua njia na Cucu akatokea, mama yake Mama, na fimbo yake, macho yake yakiwa yameanza kuingia ukungu. Akaligusa gari. Akauliza ni nani yuko ndani. Akaambiwa ni binti yake wa Meru, gari limekufa. Akaugusa mlango, akaukuta unataka kufunguka, akausukuma ukajifunga. "Keti," akamwambia Mama. Halafu akageuka akawauliza binti zake kama wamekuja hapa kuimba au wamekuja kupokea mtu.

Wakasukuma. Wale mama wakubwa na mama wadogo zangu, na leso zao, na viatu vya visigino vilivyozama kwenye udongo mwekundu, waliinama nyuma ya gari la viazi wakasukuma huku wakiimba, na yule aliyeuliza habari ya punda ndiye aliyekuwa katikati. Baba alishuka asukume, wakamkatalia. Mama aliingia lango la kwao ameketi, kichwa juu, akipungia mkono kushoto na kulia, na bibi harusi akafuata nyuma yake. Mpaka leo ukienda Runyenjes watu wazima watakusimulia ile harusi na watakosea jina la bibi harusi, lakini Mama hawamkosei.

Baba tulimzika miaka kadhaa iliyopita. Gari lilibaki chini ya mabati mpaka kijana wangu Mutuma alipolichukua. Mutuma hanusi boneti. Anaunganisha simu na gari, simu inamwambia gari linaumwa wapi, halafu anaketi kungoja kipuri kiletwe na bodaboda kutoka sijui wapi. Amelitoa matumbo yote: tangi jipya, mipira mipya, pampu ya kielektroniki inayopima petroli kwa tone, kabureta ametupa. Nilimuuliza kama jirani yeyote amekuja kumpa maoni. Akaniambia yuko kwenye grupu ya watu elfu kadhaa wenye magari kama hayo, na ukimuuliza jirani yetu wa mkono wa kulia anaitwa nani, hajui. Lakini gari, haki ya Mungu, limetulia. Unabonyeza kitufe linawaka, linasimama huku linaunguruma polepole hata saa nzima ukitaka, kikombe cha chai juu ya boneti hakimwagiki.

Mwezi uliopita mjukuu wa mjomba Njeru alikuwa anaolewa, na Mama, ambaye sasa anatembea kwa shida, akataka tumpeleke na gari la Baba. Tulifika Runyenjes kabla ya saa. Hatukuzima hata mara moja. Lango la chuma lilifunguliwa na mlinzi ambaye hakuinua macho kwenye simu yake, akatuonyesha kwa kidole mahali pa kuegesha. Muziki ulikuwa unatoka kwenye spika. Vijana walikuwa wanajipiga picha, na wazazi wao walikuwa wanaangalia simu kujua wageni wamefika wapi. Ujumbe wetu wa kusema tumefika ulijibiwa na kidole gumba.

Mutuma akazima, akashuka, akamfungulia nyanya yake mlango kwa adabu kabisa. Mama hakusogea. Alikuwa amenyoosha mgongo, kitambaa kimekaa sawasawa kichwani, mikono juu ya mapaja, anaangalia mbele. Nikamwambia Mama, tumefika, shuka. Nikafikiri ni magoti. Nikamuuliza anangoja nini.

"Nangoja watu," akasema.