Kupima Maji Mutsamudu, Kuanzia Tangini Hadi Mtungini

Naandika haya nikiwa Unguja, nimeshalala usingizi wangu wote. Dada yangu Zaitun yuko Mutsamudu, visiwani Komoro, na mumewe yuko naye nyumbani. Nimeanza na hilo makusudi, ili msomaji asiusome ukurasa huu na wasiwasi niliosafiri nao mimi.

Sababu ya safari ililetwa na mfanyabiashara wa Kingazija aliyekuja mjini kununua karafuu. Hakuleta barua. Dada yangu alimpa maneno tu: nimwombe mkuu wangu ruhusa, nije upesi, na nije na kile kipimo cha kazini. Mimi ni mfanyakazi wa maabara ya maji, na kipimo chenyewe ni kidude cha kushika mkononi, ukubwa wake kama redio ndogo. Unatia maji kwenye kichupa chake, unatumbukiza kidonge, maji yakiwa na klorini yanageuka waridi, na mshale unakuonyesha klorini ni kiasi gani.

Mfanyabiashara akanieleza yaliyobaki. Atumani, shemeji yangu, ndiye anayetia klorini katika tangi la mji wa Mutsamudu. Kazi hiyo ilianza juzijuzi tu, baada ya mvua kubwa kuuchafua mto na watoto kuharisha. Kwa bahati mbaya, siku zile zile gari la askari wa kizungu, wale mamluki ambao tangu waje kila Mkomoro anajua amri ya nchi iko mikononi mwao, lilionekana limesimama kando ya tangi. Tangu hapo maji ya majumbani yakawa na ladha ya dawa. Watu wakaunganisha mambo mawili wakapata la tatu: wazungu wametia kitu majini kuwalegeza wanaume wa mji, na Atumani amewafungulia mfuniko. Polisi walikwisha kumwita mara moja na kumwachia. Ijumaa, baada ya sala, wazee wangekutana kuamua kama wamshtaki rasmi. Wakimshtaki, wenye amri watatafuta mtu wa kutupiwa lawama, na hatakuwa mzungu. Tangu mamluki waje, wapo walioitwa mara ya pili wasirudi.

Jumatatu mchana ndege yetu ilitua Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, juu ya ardhi nyeusi ya mawe yaliyotapikwa na volkano. Kabla sijanusa vizuri ile harufu ya mlangilangi wanayoisifu wasafiri, nikawa nimesimama mbele ya meza ya ukaguzi na kisanduku changu cha kipimo kimefunguliwa. Mzungu mmoja mwenye sare nyeusi aliviinua vidonge vyangu akavigeuza kwenye mwanga. Aliuliza kwa Kifaransa, karani wa forodha akanitafsiria kwa Kingazija, nami nikajibu kwa Kiswahili cha polepole. Nilipoona maneno hayafiki, nikamwonyesha kwa mkono kwamba naomba maji ya chupa aliyoivaa kiunoni. Akanipa, nadhani kwa kutaka kucheka. Nikatia kidonge. Maji yake yaligeuka waridi iliyokoza kama sharubati, mshale ukaenda mwisho kabisa. Karani akanong'ona kwamba askari hao hutia vidonge vya klorini katika kila maji wanayokunywa, hawaamini kisima cha mtu. Mzungu akakifunga kisanduku mwenyewe, akanisukumia.

Usiku huo na siku iliyofuata nilikaa Mvouni, kijiji cha juu ya Moroni, kwa Bi Hadija, binti wa shangazi yake baba. Kule juu kuna baridi ya kujitanda shuka mbili. Ngazija haina mito. Kila nyumba inayojiweza ina birika kubwa la saruji la kukinga maji ya mvua, na mtu akikuonyesha nyumba yake anaanza na birika kabla ya sebule. Bi Hadija alinipa maji ya mtungi wa udongo uliofukizwa ubani. Wasomaji wa Unguja hawahitaji kuelezwa: chetezo kinawashwa, mtungi mtupu unafunikwa juu ya moshi mpaka unashiba, ndipo maji yanatiwa. Yalikuwa matamu, yamepoa, nikarudia kikombe. Nikayapima kwa mazoea tu. Mshale haukutikisika, maana mvua haina klorini. Bi Hadija akaona mshale umelala akauliza kama mashine yangu imekufa. Nikamwambia ni nzima, ila maji yake hayana cha kuiambia.

Jumatano asubuhi nilipanda ndege ndogo ya visiwani hadi Ouani, na kutoka hapo gari likafuata pwani mpaka Mutsamudu. Mji umebanana chini ya ngome ya zamani, vichochoro vyake vyembamba kiasi kwamba wanawake wawili wenye shiromani, ile nguo yao nyekundu na nyeupe, wakikutana mmoja husimama mlangoni mwa mtu kumpisha mwenziwe. Desturi ya huko ni kwamba nyumba ni ya mke. Dada yangu, kwa kuwa ni mgeni, hakuwa na nyumba. Aliishi kwa mama mkwe. Kwa hiyo jina la Atumani likiharibika, dada yangu hata pa kuweka mkeka hana.

Mama mkwe huyo anaitwa Koko Sitina, na koko kwao ni bibi. Alikaa Unguja ujanani na Kiswahili chake ni cha mitaa yetu ya ndani. Nilimpa shikamoo.

"Marahaba. Umekonda," akasema. "Unguja siku hizi hakuna chakula, au huna mume wa kukulisha?"

Nikamjibu kwamba vyote viwili vina foleni. Akacheka, akanikalisha karibu yake.

Zaitun hakucheka. Alinivuta jikoni akaniambia kwamba jirani zake wameacha kuja, na wengi wameacha maji ya bomba. Wanateka mtoni, mle mle walimofulia nguo, na watoto wameanza tena kuharisha. Atumani mwenyewe alikuwa amenyamaza kama mgonjwa. Alinisalimu, akaniuliza habari za mama, halafu akakitazama kisanduku changu kwa muda mrefu.

Alasiri tulipanda naye hadi tangini, upande wa Patsy, kati ya mikarafuu. Nilimwuliza kuhusu lile gari la wazungu. Akasema lilikuwa limechemka, wakaomba maji ya kutia kwenye rejeta, wakaondoka. Nikamwuliza mbona hakuwaambia watu. Akasema aliwaambia, na kadiri alivyowaambia ndivyo walivyozidi kujua kwamba anaficha. Nikapima maji ya tangi. Waridi nzuri ya kawaida, mshale mahali pake. Nikayaonja: harufu kidogo ya javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo, basi. Tukashuka, nikapima bomba la kwanza, la pili, na la mwisho kule bandarini, ambako makuli walikuwa wananawa. Mshale ulipungua kidogo kidogo kama unavyotakiwa kupungua njiani. Hapakuwa na sumu wala kosa.

Nikawauliza makuli wanayaonaje maji. Wakasema yananuka kidogo kama nguo iliyofuliwa, lakini wanakunywa kwenye dumu lao na wana nguvu zao. Mmoja, mwenye kifua kama mlango, aliniambia kwamba mjini wanasema wazungu wamewasamehe makuli kwa sababu wanawataka wapakue meli zao. Wenzake wakamwuliza kama mke wake naye amesamehewa. Nilicheka nao, lakini jambo hilo nikaondoka nalo. Kwa nini maji yale yale yawe mabaya kwa wenye nyumba za mawe na yawe salama kwa mtu anayekunywa kwenye dumu?

Jioni, kabla ya magharibi, nilimwomba Koko Sitina maji ya kunywa. Alinichotea kwa kata ya kifuu kutoka mtungi wake wa ubani. Nilipotia mdomoni nusura niteme. Ilikuwa ladha chungu ya dawa ya hospitali, inayong'ang'ania ulimi. Wala haikuwa ladha ya tangini au ya bombani. Nikatia kidonge kwenye kichupa. Maji yakabaki meupe, mshale ukalala palepale ulipolala Mvouni.

Nilikaa na kile kichupa mkononi. Klorini ilikuwa imetoka tangini salama, imepita bombani salama, imeingia mtungini ikapotea, na badala yake imekuja ladha. Mtungi wa Mvouni ulikuwa na ubani na maji ya mvua, ukawa mtamu. Makuli walikuwa na klorini bila ubani, wakawa hawana neno. Humu tu ndimo viwili hivyo vilimokutana. Maabara tunajua kwamba moshi na klorini havikai pamoja: moshi unaila klorini, na klorini inaugeuza moshi kuwa uchungu. Nilijua hilo miaka mingi, na nimelelewa kwa maji ya mtungi wa ubani, lakini sikuwahi kuyaweka mawili hayo katika kikombe kimoja.

Nilimwambia Zaitun. Akakaa chini sakafuni. "Utamwambiaje Koko?" akaniuliza. "Mabiharusi wa mtaa huu wote wanaletwa kwake kujifunza kufukiza."

Alhamisi asubuhi hatukumwambia kitu, tulimwomba atusaidie. Zaitun alileta mtungi mpya ambao haujawahi kuona moshi. Koko akaufukiza wa kwake kama kawaida, kwa mikono yake, na yote miwili tukaijaza kwenye bomba moja la uani. Wanawake wa nyumba za jirani walichungulia, kisha wakaingia, kwa sababu mgeni na mashine yake ni kitu cha kutazamwa hata kwa watu waliokugomea. Tukangoja mpaka wali ukaiva.

Nikapima mtungi mpya mbele yao: waridi. Nikapima wa Koko: meupe. Halafu nikampa Koko vikombe viwili, nikamwomba aonje tu, asiniulize kipi ni kipi. Cha kwanza alikunywa akakimaliza. Cha pili alikishusha baada ya funda moja, akakitazama, akautazama mtungi wake. Nilimweleza taratibu juu ya moshi na klorini, na kwamba maji ya mvua au ya kuchemshwa hayana ugomvi na ubani, ugomvi ni wa maji haya ya bomba tu.

"Mtungi huu nimeufukiza tangu huyu mwanangu hajazaliwa," akasema mwisho. "Leo unataka kunilia mtoto."

Jirani mmoja, Ma Nuru, mwanamke mnene aliyekuwa wa mwisho kuingia na wa kwanza kuugomea mlango huo, akajifuta midomo kwa ncha ya shiromani.

"Basi Koko," akasema, "kumbe mamluki tunayemtafuta ni wewe."

Nilidhani nyumba itaanguka. Koko Sitina akamgeukia polepole.

"Ndiye mimi," akasema. "Nendeni mkawaambie polisi waje wanikamate. Na wewe wakukamate pia, kufukiza nilikufundisha mimi."

Kicheko kilichofuata kilivuka ukuta, watu wa kichochoroni wakauliza kuna nini. Niliwasimulia pia habari ya yule askari wa uwanja wa ndege na chupa yake, kwamba wazungu wenyewe wanakunywa klorini kuliko mtu yeyote. Koko akasema ndiyo maana wana nyuso zile. Kabla ya adhuhuri wanawake wale walikwisha kutawanyika na vikombe vyao viwili viwili, kila mmoja akiurudia ushahidi kwa mumewe.

Ijumaa tulikaa uani, mimi na Zaitun, tukichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Sala ilikwisha. Kikao kikaanza, na sisi hatukusikia chochote ila kuku. Zaitun aliniuliza mara kadhaa kama mashine inaweza kukosea, na kila mara nilimjibu haiwezi, ingawa hatukuwa tukiizungumza mashine.

Atumani aliporudi alivua kofia, akakaa, akaomba maji. Tulimtazama anakunywa mpaka mwisho. Akasema kikao kilikuwa kifupi. Mzee mmoja, ambaye wiki nzima ndiye aliyetaka ashtakiwe, alisimama wa kwanza. Atumani alidhani sasa yamemfika. Lakini mzee akauliza kwa nini maji hayapandi hadi nyumba za juu kuanzia alasiri, na lini hilo litatengenezwa. Wengine nao wakatoa malalamiko yao ya mabomba yanayovuja, na hapo ukawa mwisho. Hakuna aliyemwomba radhi. Hakuna aliyelitaja gari.

"Wamenitukana uvivu," akasema, na machozi yakamtoka huku anatabasamu. Zaitun akachukua kikombe mkononi mwake akaenda kukijaza tena.

Jumapili niliondoka. Asubuhi hiyo watu wawili walikuwa wamekwisha kugonga mlango kulalamikia bomba, na Koko Sitina aliwajibu kutoka ndani kwamba fundi wao anakunywa chai, wangoje kama watu wengine. Mtungi wake aliuhamishia sebuleni, ukawa wa maji ya kuchemsha, kwa wageni. Ule mpya ndio uliowekwa jikoni, na chini yake hapana chetezo.

Moroni nilipita haraka. Uwanja wa ndege, karani yule yule wa forodha alikifungua kisanduku, akakifunga bila kuulizwa na mtu, akaniuliza kama safari hii sitaomba maji ya mtu nipime.

Miaka yote nilikuwa nikipima maji tangini na bombani, naandika namba, narudi ofisini, nikidhani kazi imekwisha. Safari hii imenifundisha kwamba maji yana hatua moja zaidi, ile ya kutoka bombani hadi mdomoni mwa mtu, na hatua hiyo iko ndani ya nyumba, katika mikono ya mtu mwenye sifa yake na desturi yake. Sasa nikienda kupima huomba na maji ya kunywa.

Nilipofika nyumbani mama alinichotea kikombe kutoka mtungi wake, kina ubani kama siku zote. Maji yake huchemsha kwanza. Nikanywa, nikaomba kingine, nikamsimulia habari za Koko Sitina, na kisanduku kikabaki palepale mlangoni nilipokitua.