Ndege Aliyeunguzwa na Pasi

Yaani shangazi yangu ukimwona unasema fundi cherehani tu, anakata suruali za watu. Kumbe ndiye mtunzaji wa kile kitambaa cheupe cha mezani kanisani kwetu, kilichokuwepo kabla hata bibi hajazaliwa! Pembeni kila familia ina alama yake iliyotariziwa kwa mkono: samaki, jani, ufunguo. Ukioa au ukibatiza mtoto, unasimama mbele ya alama yenu. Na ni mwiko kushona alama ya mwenzio. Ikichakaa, wenyewe ndio wanashika sindano.

Basi juzi Jumamosi umeme umekatika, shangazi anakinyoosha kwa pasi ya mkaa, anacheka na wateja. Mara pasi ikatema cheche.

"Mungu wangu!"

Tundu! Tena wapi sasa? Kwenye ndege wa marehemu mama yake Mzee Miwani.

Mzee Miwani ndiye mwenyekiti wa kanisa, na anataka kitambaa kifungiwe kwenye kabati la kioo, watu wakitazame tu. "Mtakiharibu," ndio wimbo wake. Na kikao cha kuamua kilikuwa kesho yake, baada ya ibada!

Nikamwambia, "Shangazi, mshone fasta. Nani atajua?"

"Kwani ni mama yako aliyemtarizi?"

Akakikunja kitambaa. Tukaenda kwa Mzee Miwani.

Mzee akakikunjua. Akaliona tundu.

"Nilisema mimi!"

"Ulisema, mwenyekiti. Nimeunguza mimi, wala sina cha kujitetea."

"Basi kesho kinaingia kabatini."

"Sawa. Ila ndege wa mama ataingia na tundu lake. Kwenu umebaki wewe tu wa kumshona."

"Mimi? Mwanamume mzima nishike sindano?"

Mkewe akadakia kutoka jikoni, "Vifungo vyako hushonwa na malaika?"

Mzee akakaa. Miwani juu ya paji la uso, analamba uzi, anakosa tundu la sindano, analamba tena. Shangazi kaficha mikono mgongoni asije akampokonya.

"Usivute hivyo, unamnyonga ndege!" shangazi akashindwa kuvumilia.

"Niache, mama! Aah!" Kajichoma. Akanyonya kidole, akatazama dirishani. "Marehemu mama alikuwa anakaa hapahapa, akishona," akasema taratibu, akaendelea.

Alipomaliza, shangazi akanyoosha mkono achukue kitambaa. Mzee akakikumbatia.

"Kiacheni hapa."

Tukarudi mikono mitupu. Nikajua ndiyo basi, kimekwenda.

Jumapili Mzee Miwani kaingia nacho mwenyewe, kakitandika mezani. Ndege? Kuku aliyenyeshewa! Nilijiuma mdomo nisicheke. Halafu kukawa na ubatizo, na mtoto, sijui katumwa na nani, kapiga teke bakuli la maji. Maji pwaa juu ya ndege!

Kanisa zima likamgeukia mwenyekiti. Shangazi kafumba macho.

Mzee akatoa leso, akapangusa polepole. "Maji tu haya," akasema. "Endelea, mchungaji."

Kwenye kikao mhazini akauliza, "Na lile kabati, mwenyekiti?"

"Kabati gani?"

Ila shangazi kapewa onyo: pasi ya mkaa asiiguse tena. Amelipokea kwa mikono miwili, uso wote meno!