Wagonjwa Wangu Hawakunisalimia

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa beseni la maji ya moto nikaambiwa nipashe vyuma. Ilikuwa Sumbawanga, asubuhi ya baridi ya Juni, na mimi msichana wa Rungwe nilidhani baridi naijua. Chuma chenyewe kinaitwa spekulamu, kifaa chenye midomo miwili cha kufungulia njia ya uzazi ili muuguzi aione shingo ya kizazi. Matroni, msimamizi wa wauguzi wote wa pale, alinishika mkono kabla sijaingia kwa mgonjwa wa kwanza.

"Kikiwa cha baridi atajikaza, na hutaona kitu," alisema. "Pua yako usiikunje. Ukiikunja mara moja tu, huyu harudi, anakwenda kutafuta mizizi. Na jingine: nje ya mlango huu humjui. Ukikutana naye sokoni, usimsalimie kwanza. Akikusalimia, itikia. Akikupita, ujue ndivyo alivyotaka."

Mambo ya pua niliyamudu haraka. Hilo la salamu ndilo lililonila. Ufipa watu husalimiana kwa kituo: mwanamke anainama, anapiga makofi ya taratibu, anauliza habari za nyumbani, za shamba, za wagonjwa na za wazima. Mimi nilikuwa nimefundishwa kazi ya kupitwa.

Baada ya muda nilihamishiwa zahanati moja upande wa Mwimbi. Kijiji sikitaji, na majina ya watu nimeyabadilisha. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alikuwa mchapakazi, lakini mdomo wake haukuwa na mlango. Alikuwa anatoka nje na kuita mbele ya benchi zima, "Wa kisonono aingie." Wiki haikuisha, nikamfuata chumbani kwake.

"Daktari, ukiita hivyo tena, na mimi nasimama hapo hapo naita dawa unazomeza wewe."

Alinitazama, akacheka. "Nyie watu wa Mbeya mna maneno." Lakini hakuita tena. Tukakubaliana wanawake wote wapite mlango mmoja, mwenye mimba, wa uzazi wa mpango na mwenye vidonda, ili walio nje wasijue nani kafuata nini.

Maabara hatukuwa nayo. Tulitibu kwa dalili, maana yake unasikiliza, unatazama, kisha unatoa dawa za maradhi yote yanayoweza kuleta dalili ile. Uchafu wa njano ulikuwa na dawa zake. Muwasho wenye utando mweupe kama maziwa ya mgando ni fangasi, na hiyo si lazima mtu aipate kwa mwanamume. Nililisema hilo kila siku, kwa sababu ndoa zilikuwa zinavunjika kwa fangasi tu. Maumivu ya chini ya kitovu yenye homa hatukuyachezea. Maambukizi yakipanda kwenye mirija, mwanamke anaweza asizae tena. Na mwenza lazima atibiwe, la sivyo unafagia nyumba huku mlango uko wazi na upepo unavuma.

Niliwaponya wengi, na kila niliyemponya alinipungukia. Mwanamke aliyekuwa akinisalimia vizuri njiani, akishaingia chumbani kwangu mara moja tu, kesho yake anakata kona. Sikuwalaumu. Mke wa mtu akionekana anaongea na sista wa ugonjwa ule, jioni ana kesi nyumbani. Lakini kuelewa hakukutoi upweke. Kuna sikukuu za Krismasi nilizokaa mlangoni nikisikiliza nyimbo za kanisani kigangoni, na hakuna aliyeniletea hata bakuli la maharage.

Aliyekuwa anakuja ni mmoja, jirani yangu Felista. Hakuwa mgonjwa wangu, kwa hiyo alikuwa wangu. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mcheshi, mwenye ulimi. Alinifundisha kusonga ugali wa ulezi, na siku ya kwanza aliuonja akauliza, "Dada, huu ni ugali au uji wa mgonjwa?" Jioni tulikaa jikoni kwangu tukichambua maharage, akinisimulia umbea wa kijiji kizima. Nilimpenda. Sijawahi kuwa na rafiki mwingine kama yeye, kabla wala baadaye.

Mume wake, Desideri, alikuwa anafuata dagaa Kasanga, ziwani, na kuwauza huku juu. Mimba mbili za Felista ziliharibika zikiwa kubwa, watoto wakazaliwa wameshakufa, na upande wa mume walishaanza kusema aletwe mke mwingine. Zote mbili zilipita kabla hatujapata vipimo vya kaswende. Mimba ya tatu ilipoingia, vilikuwa vimeshaletwa vile vya tone la damu kidoleni, nasi tukaagizwa kumpima kila mjamzito. Felista aliingia chumbani kwangu akicheka, akanyoosha kidole. Kipimo kikaonyesha anayo.

Nilimweleza polepole. Kaswende inaweza kukaa mwilini muda mrefu bila kelele, huku ikimfikia mtoto tumboni. Dawa ipo, sindano ya penisilini, inayochomwa kwenye nyama ya tako na inauma kweli.

"Kwa hiyo wale wanangu ndicho kilichowaua?" aliuliza.

"Huenda."

"Imetoka kwa nani?"

"Siwezi kujua, Felista. Hakuna anayeweza kujua. Ila Desideri lazima achomwe na yeye, ama sivyo utaipata tena, na huyu naye ataondoka."

Aliuangalia mlango. "Nikimwambia mimi, atasema nimeileta mimi. Mwite wewe, dada. Wewe ni serikali."

Nilimwita. Alikuja na kofia mkononi, mtu wa heshima zake, mzee wa jumuiya kanisani. Mkewe alikaa pembeni akitazama sakafu. Nilieleza yote yale yale, sikuweka lawama kwa mtu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Nani mwingine anajua jambo hili?"

"Wewe, mkeo na mimi. Mganga hajaambiwa hata jina."

"Basi tumezidi mmoja," alisema.

 Akaendelea, bila kupandisha sauti, "Nitachomwa. Na yeye amalize zake zote, sitamzuia. Lakini mtu anayejua hili hawezi kukaa jikoni anacheka na mke wangu. Leo mko vizuri, kesho mtakosana. Mguu wake usije kwako, wa kwako usije kwangu. Ukikataa, tunaondoka sasa hivi, sote wawili."

Nilimtazama Felista. Nilitaka aseme neno, hata moja. Aliweka mkono tumboni na hakuinua uso. Mimi nikiwa na hasira zangu zote mnazozisikia, nikachukua bomba la sindano nikasema, "Sawa, baba. Shusha suruali."

Desideri alitimiza neno lake, na mimi langu. Felista alimaliza sindano zake zote, moja kila wiki. Aliingia, akalala, akavumilia, akasema "asante, sista", akatoka. Sista, si dada. Mimba ilipokuwa kubwa, mume alimpeleka kwa mama yake akajifungulie huko. Habari nilizipata kwa mkunga wa kijiji: mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Nilifunga mlango wa stoo ya dawa nikalia, furaha na uchungu vikiwa pamoja, sikuweza kuvitenganisha.

Mtoto alipelekwa kupimwa uzito kliniki nyingine. Mimi nilimwona mgongoni mwa mama yake tu, kitambaa cha kichwani na nyayo mbili, wakipita njia ya ng'ambo.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa Kizwite, mjini. Huko muuguzi mkuu wa wilaya alinipa kliniki ya wasichana, kwa sababu, alisema, "wewe hushtuki." Walikuja na simu mkononi, "mambo, mama", halafu wanakumbuka, "shikamoo". Wengi walikuwa wameshameza vidonge vya duka la dawa, nusu dozi, wakisema ni yutiai, ugonjwa wa mkojo tu. Niliwagombeza, nikawatibu, nikawaambia wawalete hao washikaji wao. Wengine waliwaleta kweli, wakawa wanacheka kwenye benchi, na mimi nilifurahi kuona kizazi kinachoweza kucheka pale.

Sasa nimestaafu. Nina nyumba Pito na shamba la maharage. Wauguzi vijana huniuliza kazi ile inataka nini. Nawaambia inataka mikono yenye joto na mdomo uliofungwa, na kwamba huo mdomo watakuwa nao hata wakizeeka, wakiwa peke yao, hakuna anayewauliza kitu. Hawapendi jibu hilo.

Mwaka huu parokiani kwetu padri alitangaza ndoa, kijana wa hapa Pito na binti wa Desideri na Felista. Nilitaka nisiende. Siku ilipofika nilivaa kitenge changu kizuri nikakaa benchi la nyuma. Binti ni mrefu. Alijibu "ndiyo" kwa sauti ya mama yake kabisa, ile ya jikoni kwangu.

Misa ilipoisha nilisimama pembeni ya ngazi nimtazame kwa karibu. Mpiga picha alikuwa anawapanga watu. "Ndugu wa bibi harusi, huku." Kijana mmoja wa kamati aliniona nimesimama peke yangu, akanisogelea kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Wewe ni wa upande gani, nikupange?"

Felista alikuwa hatua chache tu, katikati ya mumewe na bintiye, na alisikia. Akageuka. Nywele zake zimekuwa nyeupe. Nikaona midomo yake inafunguka, na Desideri naye akageuka kuona anatazama nini.

"Mimi si wa hapa, mwanangu," nilimwambia kijana. "Nimepita tu kusali."

Akanishukuru, akanisogeza kidogo nisiingie kwenye picha. Mpiga picha akahesabu, akapiga. Picha yenyewe sijaiona, lakini najua mama wa bibi harusi hakutazama kamera.