Siku Mwanangu Aliporudi Kundini

Ijumaa Kuu ya mwaka huu mwanangu alirudi kundini. Kwetu Walutheri, mtu aliyetengwa kwa dhambi husimama mbele ya kanisa, hutubu, mchungaji humtangazia kwamba amesamehewa, kisha ndugu zake huinuka kumpa mkono. Mimi sikuinuka.

Mwanangu alimuua mjukuu wangu, binti yake mwenyewe. Alikunywa mnazi kule Kigombe, akampakia mtoto kwenye bodaboda yake warudi Tanga, wakaanguka. Mtoto yule nilimlea mimi, tangu mama yake alipomwacha akiwa ananyonya. Mwanangu akafungwa, akatoka, na pombe ameacha. Hayo nayaona. Hayanisaidii kitu.

Mchungaji alisema damu ya Kristo yatosha. Nikasema moyoni, yatosha kweli, sina ubishi. Shule sikusoma ya maana, lakini hilo nalijua tangu utoto, kwenye kambi ya mkonge alikofanya kazi baba. Kama si Yesu kukubali kupigiliwa misumari, mwanangu angekwenda wapi? Mimi mama yake nilishamfungia mlango. Nilimshukuru Bwana palepale, machozi yananitoka. Mkono wangu ukakaa mapajani.

Walipoitwa kwenye Meza ya Bwana, alikwenda. Mimi nilibaki kwenye benchi, maana mwenye kinyongo hali chakula kile.

Nyumbani Chumbageni, jirani yangu Mwislamu alinikuta uani nachambua mchicha.

"Shoga, sisi Ijumaa kila wiki, na twatoka tumekunjua uso. Nyie mnayo moja kubwa kwa mwaka, nawe umerudi umenuna?"

"Nimenuna."

"Basi mwanao kasimama hapo nje. Mwambie aingie au aondoke, jua kali."

Aliingia. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Nataka kwenda kupalilia kaburi la mtoto. Twende wote."

"Nenda peke yako."

"Mama, Mungu kanisamehe."

"Najua. Nilikuwepo."

Akachukua jembe, akaenda.

Nimemwomba Yesu anipe huo moyo wake. Naomba asubuhi, naomba jioni, haujaja, na kwa umri wangu huu sidhani kama utakuja. Namshukuru tu kwamba, kumsamehe mwanangu, hakuningoja mimi.