Amri ya Kuzima Pampu

Kazi yangu pale ofisini Wote ilikuwa kusumbua watu. Wenzangu waliandika programu, mimi nikaijaribu mpaka iharibike mikononi mwangu, isije ikawaharibikia wenye shida. Mwaka ule tulikuwa na pampu ya kisima kirefu huko upande wa Makindu. Ilikuwa inajiwasha na kujizima kupitia mtandao. Mama yangu mzazi alikuwa anateka maji hapo, kwa hivyo kwangu haikuwa kazi tu.

Maji yakishuka sana, kifaa cha kisimani kilituma amri moja kwa seva yetu, kompyuta inayoendesha pampu: zima. Amri hiyo haibebi kitu. Juu yake kuna mistari michache, tunaiita heda, ya kusema nani ametuma na mzigo una uzito gani, hata kama ni sufuri. Tulipohamia seva mpya nikasema heda zijaribiwe upya. Amri zenye mzigo zikajaribiwa, hii ya kuzima ikarukwa.

Mkubwa wetu, mtu wa kanisa na mpole kupita kiasi, alinicheka tu.

"Ujumbe ni mtupu," akasema. "Sasa utapima nini?"

Nikamwambia napima kilicho juu, si kilicho ndani. Akasema wafadhili wako njiani, tusicheleweshe watu. Nilikasirika mpaka chai ikanishinda.

Ilikuwa Jumapili, kiangazi kikali, watu wako kanisani. Maji yakashuka, kifaa kikatuma amri. Kumbe kifaa hakikuwahi kuandika mstari wa uzito; seva ya zamani haikujali, hii mpya ikaikataa. Kikatuma tena, ikakataa tena. Pampu ikavuta hewa mpaka ikaungua. Waliotoka ibadani na mitungi yao walikuta bomba linakoroma, halafu likanyamaza kabisa.

Sasa mama, na magoti yake yale, anachimba mchanga mtoni na kungoja maji yajikusanye shimoni. Ng'ombe mmoja ameshakufa. Huyo mwingine anasimama nyuma yake akimwangalia. Inaniuma, wacha niseme ukweli, na yule mkubwa siwezi kumtazama usoni.

Hatimaye niliitwa niijaribu ile amri. Tukaongeza mstari mmoja, uzito sufuri, na seva ikaipokea mara ya kwanza. Mkubwa akanipongeza, eti kazi nzuri. Nikatoka nje nikampigia mama.

"Mwaitu, tumerekebisha. Sasa itazima."

Nilimsikia akihema, kikombe kikikwaruza mchanga.

"Itazima nini?" akauliza.