Bande ya mama

Mama alikufaka mie ningali nanyonya. Yaya wangu, kaka mukubwa, alikuwa amekwisha kupata akili, anamukumbuka, na jambo hilo liliniuma tangu utoto. Mie nilikuwa na bande tu, utepe wenye sauti yake. Mama aliimbaka mu korali ya parokia hapa Kasongo, wakamurekodi na ile mashini ya zamani yenye magurudumu mawili juu: la kushoto linatoa bande, la kuume linaipokea, na katikati kuko kichwa kinachosoma sauti. Mapadri walipoiacha, baba akaichukua. Lakini mukaba wa motere ulikuwa umekatika, na sikumusikia mama hata mara moja.

Yaya ananunua dhahabu Salamabila. Alisema kule kuko mutu wa kuingiza bande mu telefone. Akaitia mu saki yake, akapanda pikipiki, akaenda. Kumbe ule mutu hana mashini ya namna hii. Bande ikabaki mu saki musimu wote wa mvua.

Mie sikuweza kungoja. Nilikata mukaba mupya mu mupira wa ndani wa velo, baiskeli ya zamani, nikapangusa kichwa na lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, nikajaribu na bande ya mahubiri ya padri. Mashini iko na vitesi tatu, ni kusema mwendo: kwa ile ya haraka padri alilia kama panya, kwa ile ya polepole kama mulevi. Baba alicheka. Vitesi ya katikati ndiyo ilikuwa yenyewe.

Yaya aliporudi tukaweka bande ya mama. Baba akavua kofia. Sauti ikatoka nusu neno, halafu fuuu, nusu neno, halafu fuuu, kila gurudumu likizunguka.

"Mukaba wako ni wa velo, unataka nini?" yaya akasema.

"Mbona padri anasema vizuri? Mu saki uliweka nini?"

Akatoa muzani, kiberiti, na sumaku kubwa ya baffle, spika ya muziki, ile anapitisha juu ya vumbi la dhahabu ili ivute muchanga mweusi wa chuma.

"Kila munegosia wa dhahabu iko nayo," akasema.

"Na bande ni vumbi la chuma, yaya. Sauti inakaa mule, na sumaku inaifuta. Tulisoma mu fizikia."

"Nani alilipa minerval ya shule kwa hiyo fizikia?"

Alilipa yeye. Jambo hilo linanichoma mupaka leo: hata hasira yangu ameilipia yeye.

Baba hakusimamisha mashini. Alikuwa amefunga macho, na pale sauti inakatika, mudomo wake unamalizia neno. Yeye na yaya wanaijua sauti ya mama, wanaziba mashimo bila shida. Mie ninaziba na nini? Kisha yaya akaanza kuimba mu yale mashimo, kwa sauti yake nene ya wanunuzi, kwanza polepole, halafu kwa nguvu, anafunika hata vile vipande vya mama vilivyobaki.

Nikamuambia anyamaze. Hakunyamaza.