Pua ya Baridi ya Mwalimu Dulmaa

Tangu mumewe afariki, Dulmaa alikuwa akiongea na birika. Lilikuwa na adabu zake, lile birika: linamsikiliza mpaka mwisho, halafu ndiyo linapiga mluzi. Kwa hiyo ofisi ya elimu ilipotafuta mtu wa kufundisha chekechea hemani, huko nyikani Mongolia wafugaji wanakoshinda kiangazi, yeye alinyoosha mkono kabla mshahara haujatajwa.

Watoto walimpenda, ila kwa mbali. Somo likiisha kila mmoja anapakiwa juu ya farasi nyuma ya kaka yake, huyo kwao. Dulmaa anabaki na upepo. Na birika, maana alikuwa amelibeba.

Mwisho wa kiangazi akaja mkaguzi, mzee Gombo. Watoto wakifaulu, hema lingerudi mwakani. Wakishindwa, basi tena, Dulmaa akae mjini na kuta zake.

Gombo akatandaza picha za wanyama kwenye zulia. "Hawa wote wananyonyesha. Haya, wapange, wanaofanana wakae pamoja."

Dulmaa akashusha pumzi. Kiangazi kizima alikuwa akiwaimbia hilo: wanaokula majani huku, wanaokula nyama kule.

Sarnai, mtoto wa miaka mitano, akajisogeza mbele. Farasi na kondoo akawaweka huku. Ng'ombe, mbuzi na ngamia, kule. Mbwa mwitu akampakata.

"Wewe, umewagawaje hawa?" Gombo akauliza.

"Hawa pua zao za moto, hawa za baridi. Bibi kasema wa baridi waangaliwe sana theluji ikija."

"Na huyo uliyempakata?"

"Sijamshika pua. Kwani babu umeshamshika?"

Gombo alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Sarnai wala hakucheka, yuko kazini. Akainuka, akamwendea mwalimu, akambandika kiganja puani, akatulia kama daktari.

"Mwalimu ni wa baridi. Akae na ngamia."

Hema zima likaangua kicheko. Dulmaa naye alitaka kucheka, akashindwa. Tangu siku ya mazishi hakuna aliyemgusa uso. Kile kiganja kilinuka maziwa yaliyoganda, naye akajikausha tuli, kisije kikaondoka.

Nje, Gombo alifunga tandiko la farasi polepole kuliko ilivyohitajika. "Dada yangu, bibi yake yule mtoto ningemzawadia ng'ombe. Hata mimi nilikuzwa hivyo hivyo. Lakini ofisini kwetu jibu ni majani na nyama tu, hakuna anayeshika pua ya mtu."

Hema likakunjwa.

Theluji ya kwanza ilimkuta Dulmaa jikoni kwake mjini. Birika lilipiga mluzi, akamimina chai ya chumvi, akainamia kikombe mvuke umpige usoni. Akajishika pua. Ilikuwa imeanza kupata moto. Akainua uso, akasubiri kidogo, akajishika tena.

"Bado ya baridi," akaliambia birika.